Je, marupurupu yako ya nyumba yamo katika hati ya mshahara?

Mwisho wa mwezi Kitengela una pilkapilka zake. Jioni matatu huwashusha wafanyakazi kutoka viwanda vya Athi River na EPZ, na kabla mtu hajavua viatu, mwenye nyumba amekwisha bisha hodi. Pesa za kodi hutengwa, kisha hati ya mshahara hukunjwa na kutiwa chini ya godoro bila kusomwa. Leo nakuomba uitoe, uiweke mezani, na uisome pamoja na mwenzako.

Tafuta neno "nyumba". Aghalabu utalikuta mara mbili, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Marupurupu ya nyumba ni pesa unazoongezewa. Ada ya nyumba ni pesa unazokatwa. Anayeona moja tu akadhani ndiyo nyingine, huenda akapunjwa miaka mingi bila kujua.

Tuanze na marupurupu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, humtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa kazini au karibu na kazini. Asipoyatoa, sharti amwongezee juu ya mshahara pesa za kutosha kupanga nyumba. Sheria hiyo haitaji kiasi. Amri za serikali za mishahara ya chini ndizo zilizoweka asilimia 15 ya mshahara wa kimsingi. Penye chama cha wafanyakazi, mkataba wa pamoja na mwajiri huweza kutaja kiasi kingine kwa shilingi.

Tuchukue mfano wa mama anayeshona nguo kiwandani kwa mshahara wa kimsingi wa shilingi 16,000. Asilimia 15 yake ni shilingi 2,400. Kwa hivyo jumla yake kabla ya makato ni shilingi 18,400. Shilingi 2,400 huenda zisilipe kodi nzima, lakini kwa mwaka ni shilingi 28,800. Hizo ni karo na sare za shule.

Sasa tuje kwenye ada. Ilianza mwaka 2023, Mahakama Kuu ikaiharamisha Novemba mwaka huo, kisha sheria mpya ikairejesha Machi 2024. Ni asilimia 1.5 ya jumla ya mshahara, marupurupu yakiwemo, na mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho kutoka mfukoni mwake. Mama yetu hukatwa shilingi 276. Kukatwa huko hakumpi nyumba moja kwa moja. Anayeitaka hujisajili na kutuma ombi lake katika mpango wa Boma Yangu.

Je, hati yako ikionyesha makato ya nyumba lakini marupurupu hayamo? Usikimbilie kugombana na mkubwa wako. Soma kwanza mkataba uliotia sahihi. Sheria humruhusu mwajiri kuyajumlisha marupurupu ndani ya mshahara, mradi mkataba useme hivyo. Hata hapo, piga hesabu. Chukua mshahara wa chini uliowekwa na serikali kwa kazi yako na eneo lako, uongeze asilimia 15. Ikiwa mshahara wako wa jumla haufiki hapo, una swali la kuuliza. Anayelazwa na mwajiri, kama vile mfanyakazi wa shamba la maua aliyepewa chumba, hadai marupurupu tena.

Walimu na watumishi wa serikali wana hesabu tofauti. Wao hupimiwa kwa daraja la kazi na mahali pa kazi. Kwa hivyo mwalimu anayehamishwa kutoka Nairobi hadi Kajiado asishangae marupurupu yakishuka ilhali mshahara wa kimsingi ni ule ule.

Ukiona umepunjwa, muulize mwajiri kwa barua na ubaki na nakala. Asipokujibu, mwone mwakilishi wa chama chako au afisi ya leba. Usingoje mpaka uache kazi ndipo uanze kutafuta karatasi, kwa sababu madai ya kazi yana muda wake. Kwa kawaida ni miaka 3, na yale yanayohesabiwa kuwa ya kuendelea yana miezi 12 tu tangu yakome. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Weka hati zako zote katika bahasha moja.

Kabla sijaaga, nina neno kwako wewe mwenye nyumba njema pale Kitengela, unayefunguliwa mlango asubuhi na msichana wa kazi anayetoka kwake. Yeye halali kwako. Anapanga chumba na kulipa kodi kama wewe ulivyokuwa ukilipa. Sheria hii haikuandikiwa wenye viwanda peke yao. Wewe pia ni mwajiri, na asilimia 15 yake iko mikononi mwako. Unapoikagua hati yako jioni ya leo, mwandikie na yeye yake.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.