Kimya cha Kipokezi Kisidhaniwe Kuwa Salama

Mnunuzi wa king'ora kisichotumia nyaya aghalabu huonyeshwa tarakimu moja tu: umbali ambao kipokezi husikia. Tarakimu hiyo hupatikana mahali patulivu, nayo haimwelezi lolote juu ya usiku wa wizi.

Vifaa vingi vya aina hii hutumia masafa yaliyo karibu na megahezi 433.92, ambayo barani Afrika na Ulaya hushirikiwa na rimoti za magari na za mageti. Kipokezi chema huweza kusoma ishara iliyo desibeli 110 chini ya miliwati moja, yaani sehemu moja ya trilioni 100 ya wati. Huo ni usikivu wa ajabu. Lakini mlinzi mwenye masikio makali hafai kitu akiwekwa kando ya mashine ya kusaga. Chaja iliyoundwa vibaya ikipandisha kelele kwa desibeli 20, umbali wa kusikia mahali pa wazi hushuka hadi sehemu moja ya kumi: mita 100 huwa 10. Kipimo cha haki, basi, ni kupeleka ishara dhaifu pamoja na ishara pinzani, kisha kuhesabu jumbe zilizopotea.

Hatari kubwa zaidi ni nyingine. Katika mifumo rahisi, kitambuzi cha mlangoni hunena mlango ufunguliwapo tu. Mwizi akirusha mawimbi ya kuziba, habari haifiki, na taa ya kijani huendelea kuwaka. Nyumba iliyo salama na kipokezi kilichozibwa masikio huonekana sawa!

Dawa ipo. Vipokezi vingi vya siku hizi huweza kupima nguvu ya mawimbi yanayovifikia. Ujumbe wa kitambuzi ni mfupi mno; nguvu ikidumu sekunde nyingi bila ujumbe unaosomeka, hapana budi taarifa ya hitilafu itolewe. Aidha, vitambuzi vitume salamu kila baada ya muda (ingawa salamu hula betri), ili kukosekana kwake nako kuwe habari. Kiwango cha Ulaya EN 50131-5-3 hudai mwingiliano wa mawimbi ugunduliwe.

Mafundi husema, kwa haki, kwamba kizingiti kikiwa chini mno king'ora kitalia ovyo, na mwenye nyumba atakizima. Hoja hiyo yadai kizingiti kipimwe katika nyumba yenyewe, mchana na usiku. Haihalalishi kuuza kifaa kisichojua kwamba kimezibwa. Atangazaye umbali kwenye kasha na atangaze papo hapo sekunde ambazo kifaa huchukua kugundua kuwa hakisikii tena.