Ifungue kabla ya kuiuza kwa kilo

Kijana wa Meru au Embu, baridi ya Julai unaijua. Ukungu na manyunyu, nguo zinalala kwenye kamba siku tatu na bado mbichi. Na pale stoo kuna ile mashine kuukuu ya kufulia, pipa moja la kufua, jingine la kukamua. Imenyamaza, sasa mnangoja mnunuzi wa vyuma aipime kwa kilo.

Hebu ifungue kwanza! Mashine hizo hazina kompyuta. Ni mota, mkanda na kapasita. Mota ikinguruma bila kuzunguka, mara nyingi kapasita imekufa. Mota ikizunguka na pipa limegoma, tazama mkanda. Lakini chomoa waya ukutani, na kapasita mwachie fundi: huhifadhi stima hata mashine ikizimwa.

Mwaka 2024, Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kukarabati mashine za kufulia. Sisi tuna mafundi wa jua kali kila mtaa, ila hatuendi kujifunza kwao.

Jumamosi hii, badala ya kushinda kwa simu, chukua bisibisi. Hutatajirika kesho, lakini Julai ijayo mama hatakamua blanketi kwa mikono.