Tangi Chafu Hupoteza Msimu

Wengi wetu tufanyao kazi mjini tunalo jicho moja shambani. Yupo aliyemwachia kaka yake trekta la zamani huko Bariadi, pengine Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, au Valmet lililounganishwa Kibaha miaka ya 1980. Mvua za Novemba zikianza, simu huja: "Trekta linazima, tuma fedha za chujio." Fedha hutumwa, chujio hubadilishwa, na baada ya siku mbili simu hulia tena.

Kabla ya kutuma fedha mara ya tatu, uliza: je, trekta huwaka vizuri, hulima kidogo, huishiwa nguvu na kuzima, kisha likipumzika huwaka tena? Ikiwa ndivyo, shuku tangi. Uchafu hufuata mafuta hadi kwenye tundu la kutokea na kuliziba. Injini ikizima, hutua tena chini. Kufunga chujio jipya chini ya tangi chafu ni sawa na kupiga deki huku paa linavuja.

Uchafu huo watoka wapi? Vumbi huingia mafuta yanapomiminwa kutoka kwenye madumu. Usiku, tangi lililobaki nusu hupoa, na unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini, yakazaa kutu na utelezi mweusi.

Kazi yenyewe haihitaji karakana kubwa. Fundi atenganishe nyaya za betri, amwage mafuta yote katika chombo, kisha alitoe tangi pamoja na koki yake. Atie ndani dizeli safi kidogo na kipande cha mnyororo mwembamba uliooshwa, alitikise pande zote, amwage, na kurudia mpaka kinachotoka kiwe safi. Mafuta machafu yasimwagwe karibu na kisima wala lambo. Tangi likauke kabisa juani. Na kwa kuwa Simiyu ni nchi ya pamba, tuonye: pamba isitumike kufutia ndani, maana nyuzi zake hubaki na kuziba upya. Baada ya hapo ndipo chujio jipya lifungwe na upepo utolewe katika mabomba na pampu.

Tangi tupu lisimhadae mtu. Mvuke uliosalia waweza kulipuka likichomelewa. Likiwa limetoboka, apewe fundi ajuaye kuuondoa mvuke huo kwanza. Lisioshwe kwa petroli, wala lisimulikwe kwa koroboi. Watoto wakae mbali, na mtu yeyote asivute dizeli kwa mdomo kwa kutumia mpira: ikiingia mapafuni huleta maradhi mabaya ya kifua. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali upesi.

Tangi likishakuwa safi, lijazwe kila jioni baada ya kazi, lisilale nusu. Dizeli ya pipa itulie usiku kucha, ichotwe ya juu.

Pamba hungojea mvua za kwanza, na wiki iliyopotea mwezi wa Novemba hairudi. Siku moja ya kiangazi, Agosti au Septemba, yatosha kuiokoa. Basi mpigie kaka simu mapema, umwulize tangi lilisafishwa lini mara ya mwisho.