Simamisheni filamu, mtoto asimulie

UBAO NA CHAKI
Na Salma Mbwana

Wakati wa mapumziko, mwambie mtoto wa darasa la nne akusimulie filamu aliyoiona jana kwenye kibanda cha video. Atasimama wima, atasogeza wenzake apate nafasi, na sauti ataibadilisha. Steringi kaingia kwa mlango wa nyuma, adui hana habari, umeme ukakatika, pu! Mmoja wa wasikilizaji atauliza, "Na dada yake je?" Msimulizi atarudi nyuma kujazia alichokiruka. Anajua pa kuharakisha na pa kuwaweka watu roho juu. Kengele ikilia wataingia darasani, mwalimu ataandika ubaoni kichwa cha insha, "Siku ya sherehe nyumbani kwetu", na mtoto huyohuyo ataandika mistari minne: tuliamka, tulipika, tulikula, tukalala.

Insha za namna hiyo nimezisahihisha nyingi enzi zangu za kufundisha, na siamini hata kidogo kwamba kiini chake ni uvivu. Mtoto ana hadithi tele. Hajaonyeshwa tu kwamba anachokifanya uwanjani ndicho anachotakiwa kukifanya kwenye daftari.

Tangu mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) uanze madarasa ya chini mwaka 2015, nguvu tumezielekeza kwenye herufi na sauti zake, silabi, maneno, kisha sentensi. Ni kazi ya lazima, na walimu wa darasa la kwanza wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Lakini mtoto aliyekwisha kusoma bila kukwama kwamba kuku amekula mahindi bado hajaulizwa na mtu mahindi yale yalikuwa ya nani, na mwenyewe aliporudi shambani ilikuwaje.

Ninachopendekeza ni kwamba kuanzia darasa la tatu filamu fupi iingie kwenye kipindi cha Kiswahili kama kinavyoingia kitabu, na mwalimu asiiache iende moja kwa moja mpaka mwisho. Faida yake iko pale anapoisimamisha.

Chukueni Le Ballon rouge, filamu ya Mfaransa Albert Lamorisse ya mwaka 1956. Ina dakika 34 na maneno yanayosemwa ndani yake ni machache mno, hata mtoto asiyejua neno la Kifaransa hapotei. Pamoja na uchache huo wa maneno, ilipata tuzo ya Oscar ya mswada bora. Mvulana aitwaye Pascal, njiani kwenda shule mjini Paris, anaona puto kubwa jekundu limenasa kwenye nguzo ya taa. Anaikwea, analifungua, na tangu hapo puto linamfuata. Akilipeleka nyumbani, mama mmoja analichukua na kulitoa nje kwa dirisha.

Hapo mwalimu asimamishe. Puto liko nje, dirisha limefungwa. Watoto waambiane wawili wawili: puto litafanya nini? Pascal anawaza nini? Wapeni dakika tano na mtasikia darasa zima likivuma. Yuko atakayesema litapaa liende zake, yuko atakayesema Pascal ataruka dirishani, yuko atakayemtetea yule mama. Kisha waandike. Wakimaliza, wapeni kipande kinachofuata waone kwamba puto halikwenda popote, limebaki pale nje likimngoja rafiki yake. Atakayekuwa ameandika mwisho mwingine hajakosea, na mwalimu atamke hivyo waziwazi, kwa kuwa watoto wetu wamezoea mno kuamini kwamba kila swali lina jibu moja lililoko kwenye meza ya mwalimu.

Siku ya pili rudisheni kipande kilekile cha dakika moja, mara hii kwa ajili ya maneno. Ukuta una rangi gani? Barabara ni kavu au imelowa? Kamera imesogea karibu na uso wa mtoto, kwa nini imesogea sasa na haikusogea mwanzo? Mwanafunzi aliyeandika "Pascal alitembea" ataongeza mwenyewe kwamba alitembea akigeuka nyuma kila hatua. Vivumishi na vielezi tunavyowakaririsha watoto kwenye orodha vinapata kazi ya kufanya. Siku ya tatu zimeni sauti kabisa, mtoto asimame mbele awe msimulizi.

Kazi hiyo ya mwisho wanaijua kuliko sisi. Vibanda vya video vya Dar es Salaam vimelea fani nzima ya watu wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na Lufufu, ambaye jina lake halisi ni Derek Mukandala, ndiye aliyevuma kuliko wote. Wakenya wana DJ Afro. Watu hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanaongeza methali, wanawapa wahusika majina ya mtaani, wanamkemea adui, wanamwambia mtazamaji ajiandae kwa kinachokuja. Yupo fanani na ipo hadhira, kama ilivyokuwa bibi akisema "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!" Lugha yao si yote ya kuletwa mbele ya watoto, nakubali. Ustadi wao unafaa kuletwa.

Nchi hii ilikwishawahi kufundishwa kwa sinema kwa njia iliyo kinyume kabisa na hiyo. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha Vugiri, kwenye milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Mpaka ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu zipatazo 35, zikazungushwa kwa lori hadi nchi jirani, na maelezo yakitoka kwenye sahani za santuri. Ziliwaambia watu walime vipi, wajikinge vipi na minyoo, waweke akiba posta. Baadhi ya mafunzo hayo yalikuwa ya manufaa. Ila watazamaji waliletewa mambo yaliyokwisha kuamuliwa, na kazi yao ikawa kukaa na kupokea. Naogopa kwamba mwalimu anayewasha televisheni darasani, akaacha filamu ikaisha, kisha akauliza "Tumejifunza nini?", anarudia Vugiri bila kujua.

Kwa upande wa kusoma kwenyewe, televisheni zetu zina nafasi ambayo hazijaitumia vya kutosha. Ubongo Kids, kazi ya vijana wa Dar es Salaam, imekuwa hewani tangu 2014, na wapo watoto wanaowataja wahusika wake Kibena na Kiduchu kama ndugu zao. India walikwenda mbali zaidi. Mtafiti Brij Kothari alipata mwaka 1996 wazo la kuandika maneno ya nyimbo za filamu chini ya picha, kwa lugha ileile inayoimbwa, kila neno likibadilika rangi linapotamkwa, na baadaye wazo hilo likaingia kwenye Chitrahaar, kipindi cha nyimbo cha televisheni ya Doordarshan. Mtazamaji anausoma wimbo anaoupenda bila kuambiwa kwamba yuko darasani. Watoto wetu wanazijua nyimbo za Bongo Fleva neno kwa neno. Chagueni zenye maneno ya kistaarabu, muyaandike chini ya picha.

Najua mtaniambia habari za umeme na vifaa. Shule nyingi hazina projekta, na darasa lina watoto sabini. Kompyuta mpakato moja au televisheni ya ofisini inatosha kwa kipande cha dakika tatu, nusu ya darasa ikitazama huku nusu ikiandika, kisha wabadilishane. Pasipo umeme kabisa, walimu waanze na picha sita zilizochorwa kwenye manila.

Kigumu zaidi ni kwamba mwalimu hana pa kuzipata filamu hizo wala hajafundishwa kuzitumia. Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Iongeze humo filamu fupi kumi zisizo na maongezi, kila moja na karatasi ya mwalimu inayoonyesha pa kusimamisha na la kuuliza. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likionyesha kazi za Waafrika Mashariki tangu 1998, na naamini wapo watengenezaji watakaokubali filamu zao fupi zitumike shuleni wakiombwa kwa heshima. Na vyuo vya ualimu viwape wanachuo zoezi hili kabla ya mafunzo kwa vitendo: filamu moja, darasa moja, vituo vitatu, na mkufunzi akae nyuma ahesabu ni watoto wangapi wamesema.