Bima ya wazee Marekani: Anayechelewa hulipa maisha

Mfanyabiashara anayechelewa kulipia leseni hutozwa faini, akailipa, mambo yakaisha. Katika Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa waliotimiza miaka 65, faini ya kuchelewa kwa kawaida haiishi. Suala hili linawagusa pia watu wa Afrika Mashariki wenye maduka, teksi na malori nchini humo, ambao hawana mwajiri wa kuwakumbusha.

Bima hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Sehemu A hugharimia kulazwa hospitalini, na aliyechangia kwa kodi ya kazi kwa miaka 10 haitolei ada. Sehemu B hugharimia madaktari na matibabu ya nje, na ina ada ya kila mwezi. Muda wa kujiandikisha ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake.

Anayeupitisha muda huo bila bima ya kazini huongezewa asilimia 10 ya ada ya Sehemu B kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa. Mwaka 2025 ada ya kawaida ilikuwa dola 185 kwa mwezi. Aliyechelewa miaka miwili aliongezewa dola 37 kwa mwezi, sawa na dola 444 kwa mwaka. Ada ikipanda, nyongeza nayo hupanda.

Adhabu hiyo ina utetezi wake. Hakuna mfuko wa bima utakaosimama iwapo wenye afya watangoja nje mpaka waugue ndipo waingie. Anayechangia mapema ndiye anayembeba mgonjwa wa leo.

Hata hivyo, kasoro iko kwenye taarifa. Anayepokea tayari pensheni ya serikali huandikishwa moja kwa moja anapotimiza 65. Wengine lazima waombe wenyewe. Zamani umri wa pensheni kamili ulikuwa 65 vilevile, lakini marekebisho ya mwaka 1983 yaliusogeza kidogo kidogo, na kwa waliozaliwa 1960 na baadaye ni 67. Hivyo anayesubiri pensheni kamili huivuka 65 akiwa bado kazini, bila kuandikishwa.

Anayeumia zaidi ni mfanyabiashara mdogo. Bima aliyojinunulia binafsi haimkingi na adhabu. Katika kampuni yenye wafanyakazi chini ya 20, kwa kawaida Medicare ndiyo hulipa kwanza. Asiyejiandikisha anaweza kukuta bima ya kampuni imekataa kuziba pengo hilo, na bili ya hospitali ikala mtaji wa duka.

Anayekusudia kurudi Mombasa au Dar es Salaam kuzeekea huko naye apige hesabu. Kwa kawaida Medicare hailipii matibabu nje ya Marekani, lakini akiiacha Sehemu B kisha akarejea, adhabu itamngoja.

Serikali inayomtoza aliyejiajiri kodi ya Medicare ya asilimia 2.9 inajua anwani yake na umri wake. Haishindwi kumpelekea barua moja kabla ya kumtoza faini ya maisha. Mpaka itakapofanya hivyo, tarehe ya kutimiza 65 iandikwe kwenye daftari la biashara, pamoja na tarehe za kodi.