Koti la ndama si paa

Masika yamepiga hodi, na swali ninaloulizwa sana siku hizi kuanzia Fukayosi mpaka Kiwangwa ni hili: "Afisa, ninunue koti gani la ndama?" Wengine wameona kwenye simu farasi wa Uingereza wanaolala nje majira ya baridi wakiwa wamevishwa makoti mazito yenye mikanda, wakaona na ndama wao wa maziwa avae.

Nasema wazi maoni yangu. Kwa wengi wetu huku Pwani, hela ya koti ingeanza kwenye paa na malalo makavu. Koti lina kazi yake, ila ni kwa ndama wachache, kwa siku chache, na si kila kitambaa kinafaa.

Hao farasi wenyewe wana somo kwetu. Makoti yao huuzwa kwa uzito wa pamba ya ndani. Lipo la gramu 0, ambalo ni la kuzuia mvua tu, na yapo ya gramu 300 na zaidi. Anayejua kuchagua haulizi lipi ni zito. Anauliza mnyama wake anasumbuliwa na nini: mvua, upepo au baridi yenyewe? Na farasi mzima mwenye manyoya yake ya msimu, chakula cha kutosha na mahali pa kujikinga, mara nyingi haitaji koti kabisa.

Sasa tujiulize sisi. Ndama mwenye umri chini ya wiki tatu huanza kutumia nguvu ya ziada kujipasha joto hewa ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi. Usiku wa Julai, ambao kwetu ndio wa baridi, Dar es Salaam huwa nyuzi 18 au 19. Kwa hesabu hiyo ndama wa Pwani hahitaji blanketi. Kitulo kule Makete, juu ya mita 2,600, ambako Juni na Julai umande huganda, hayo ni mambo mengine.

Lakini hesabu hiyo ni ya ndama mkavu asiyepigwa na upepo. Hapo ndipo wanapokosea wale wanaosema, "Pwani kuna baridi gani bwana?" Manyoya hutunza joto kwa sababu yanashika hewa katikati yake. Yakilowa yanalala, hewa inatoka, na upepo unamalizia kazi. Ndama aliyelowa saa nane usiku, upepo unavuma, anatetemeka hata kama kipimo kinasoma nyuzi 20. Nguvu iliyo kwenye maziwa aliyonywa inaishia kwenye kutetemeka, hakui, kinga inashuka, na mara anaanza kuhara au kukohoa. Adui yetu ni maji na upepo.

Ukishamjua adui, mpangilio wa matumizi unajipanga wenyewe. La kwanza ni paa. Makuti yaliyosukwa vizuri na kuezekwa kwa mwinuko wa kutosha yanatosha kabisa, huhitaji bati. La pili ni ukuta wa upande wa upepo. Kuanzia Aprili hivi kusi inaingia, na mvua inakuja imelala kutoka kusini. Ziba upande wa kusini na kusini mashariki mpaka juu ya mgongo wa ndama, acha upande wa pili wazi hewa ipite. Ukiziba pande zote, harufu ya mkojo inabaki ndani na kuchoma mapafu, na nimonia unaikaribisha mwenyewe.

La tatu ni malalo. Weka nyasi kavu, maranda au maganda ya mpunga, mengi kiasi kwamba ndama akilala miguu inazama. Kuyapima ni rahisi: piga magoti hapo kwa nusu dakika. Suruali ikilowa, ujue mwanao analala kwenye maji. Wenye mbuzi wa maziwa, jengeni banda la kichanja, mkojo na kinyesi vidondoke chini.

La nne ni tumbo. Ndama apate dang'a lita 3 hivi, kama asilimia 10 ya uzito wake, ndani ya saa sita za mwanzo. Baada ya hapo, usimpunzie maziwa kwa sababu ya kuuza mjini. Hakuna koti linalofidia tumbo tupu.

Haya, umeyafanya yote. Nani sasa avae koti? Ndama aliyezaliwa mvuani, aliyezaliwa kabla ya siku zake, mdogo sana au anayetoka kwenye ugonjwa. Mkaushe kwanza kwa gunia au taulo mpaka manyoya yasimame, ndipo umvishe. Ukimfunika akiwa amelowa, unafungia maji ndani.

Koti lenyewe liwe na tabaka mbili: nje turubai jepesi linalomwaga maji, ndani blanketi kuukuu au gunia la katani. Fundi cherehani yeyote atakushonea. Lianzie mabegani liishie kwenye shina la mkia, lifunike mbavu, lakini tumbo libaki wazi, hasa kwa dume, maana mkojo utalilowesha. Mikanda ipitishe kiganja chako bila kubana. Asubuhi jua likitoka, livue. Ingiza mkono chini yake nyuma ya bega: pakiwa pakavu na vuguvugu, sawa, pakiwa na jasho, livue hata kama ni usiku. Lifue kwa sabuni na kulianika juani kabla ya kumvisha ndama mwingine.

Nisichokubali ni nailoni au kiroba peke yake. Jasho halina pa kutokea, ngozi inashinda mbichi, na hapo bakteria wa ugonjwa wa ngozi wa wakati wa mvua wanashamiri. Jina lao la kitaalamu ni *Dermatophilus congolensis*, kwa kuwa walielezwa mara ya kwanza Kongo mwaka 1915. Utaona manyoya yameshikana vishungi na magamba. Umenunua kinga, umepata ugonjwa.

Na ng'ombe mkubwa? Msimvishe jamani. Tumbo lake linatengeneza joto mchana na usiku, na chotara wa Friesian huanza kusumbuliwa na joto likizidi nyuzi 25 hivi, unyevu wetu huu ndio unaongeza. Huyo anahitaji kivuli na maji.

Jambo la mwisho: ndama anayetetemeka mpime joto kabla ya kumfunika. Kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5. Akiwa chini ya 38, mkaushe na mpe maziwa ya vuguvugu. Akizidi 40, hiyo ni homa; muite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Huku kwetu kuna ndigana, na ndigana haitibiwi kwa koti.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela ya koti, leo jioni mvua ikinyesha ingia bandani na tochi. Tazama panapovuja, sikia upepo unakoingilia, kisha piga magoti. Anza na hapo palipolowa.