Dickinson hakuliandikia sanduku

Husimuliwa kwamba mshairi Emily Dickinson wa Amherst, Massachusetts (1830–1886), alikuwa mtawa wa gauni jeupe aliyeandika kwa msukumo wa moyo tu, asiyejua kanuni wala kutaka kusomwa. Kutawa alitawa, na gauni jeupe alilivaa, hasa miaka yake ya mwisho. Mengine hayana msingi.

Kuanzia 1858 hadi 1864 hivi alinakili kwa wino mashairi zaidi ya 800 katika karatasi zilizokunjwa, akazitoboa kandokando na kuzifunga kwa uzi. Vikapatikana vijitabu 40. Penye neno lililomtia shaka aliweka alama ndogo ya msalaba, na chini ya ukurasa akaandika maneno mengine yanayoweza kukaa mahali pake, mara nyingi bila kukata hata moja. Kwa fundi wa namna hiyo, msukumo wa moyo ni mwanzo tu wa kazi.

Ni kweli kwamba alipokuwa hai yalichapishwa mashairi kama kumi tu, tena bila jina lake. Lakini wifi yake Susan, aliyeishi nyumba ya jirani, alipelekewa zaidi ya 200. Aprili 1862, baada ya Thomas Wentworth Higginson kutoa makala ya kuwashauri waandishi chipukizi, Dickinson alimwandikia, akatia mashairi manne ndani ya bahasha na kumwuliza kama yana uhai. Asiyetaka kusomwa hamtafuti mhakiki.

Dai la kutojua kanuni ndilo dhaifu kuliko yote. Beti zake nyingi zinafuata mwendo wa nyimbo za kanisani alizokua akizisikia: mshororo wa mizani 8, kisha 6, tena 8, tena 6. Juu ya msingi huo aliweka vina vinavyokaribiana bila kulingana, na vistari vinavyokata pumzi katikati ya mshororo. Mshikilia arudhi angeyaita mashairi hayo guni. Higginson na Mabel Loomis Todd, wahariri wa chapa ya mashairi yake ya 1890, nao waliona kasoro: wakarekebisha vina, wakapunguza vistari, wakabandika vichwa ambavyo mwenyewe hakuviandika. Kitabu kiliuzwa sana, na wasomaji wakakabidhiwa Dickinson aliyekwisha chanwa nywele.

Ilibidi kungoja hadi 1955, Thomas H. Johnson alipochapisha mashairi yote kwa kufuata miswada, vistari vikiwa mahali pake. Hata hivyo, katika toleo lake la 1960 la wasomaji wa kawaida, Johnson alichagua neno moja pale ambapo Dickinson aliyaacha mawili au matatu yakishindana.